Moshi wa Jikoni, Moshi wa Mjini

Leo tuzungumze juu ya moshi.

Ukipanda gari kwenda Mbarara, unaona mji unavyokua. Ulifanywa jiji Julai 2020. Bodaboda zimejaa, malori ya matoke yanapita, na samaki na mahindi ya Nakivale yanapata wanunuzi huko. Hiyo ni heri kwetu. Lakini kila injini ina moshi wake, na takataka zinazochomwa kando ya njia zina wake.

Wengine husema: watu wakitajirika, hewa itajisafisha. Si kweli. London ilikuwa kati ya miji tajiri duniani, na bado Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliufunika mji siku tano. Ilikadiriwa watu wapatao 4,000 walikufa. Hewa ilianza kuwa nafuu baada ya sheria ya mwaka 1956 na baada ya watu kubadili wanachochoma. Basi jambo kubwa ni pesa ile inanunua moto gani.

Hapa Uganda umeme mwingi unatoka kwenye maji ya mto Nile. Bwawa la Karuma, la megawati 600, lilizinduliwa Septemba 2024. Umeme wa maji hautoi moshi. Hata hivyo, nyumba nyingi za mjini zinawasha taa kwa umeme na kupika kwa makaa, au makala kama wasemavyo ndugu zetu wa Kongo, kwa sababu kupika kwa umeme wanakuona ni ghali. Mtu akipata pesa kidogo, anaacha kuni na kuhamia makaa. Jikoni kwake moshi unapungua. Lakini kilo moja ya makaa inakula kilo sita za kuni au zaidi kwenye tanuri la udongo, na moshi wa kuni hizo umebaki kijijini ilikokatwa miti.

Na makaa yana hatari isiyoonekana. Yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akiwa usingizini. Usiku wa mvua watu huingiza sigiri, au mbabula, ndani ya nyumba wapate joto. Mama, baba, tafadhali: itoeni nje kabla ya kulala, hata makaa yakionekana yamezimika.

Sasa kuni, maana ndizo za wengi wetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Mtoto aliye mgongoni anavuta moshi uleule unaokutoa wewe machozi.

Sitakuambia ununue jiko la gesi, wakati kuna jirani anayeuza sehemu ya chakula cha mgao apate kuni. Loweka maharage tangu usiku, yataiva upesi. Funika sufuria. Pasua kuni ndogo ndogo, uzianike zikauke kabisa. Usiwashe moto kwa kavera wala chupa za plastiki. Moshi wake ni sumu. Mvua isiponyesha, pika nje. Ikinyesha, pika kwenye kibanda kilicho wazi pande mbili. Jiko la udongo lililojengwa vizuri linatumia kuni chache kuliko mafiga matatu, lakini bado linatoa moshi, kwa hiyo lisikae chumba cha kulala.

Mtoto akikohoa na kupumua haraka haraka, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Usingoje kesho.