Mwaka wa Darasa la Nne: Kumhamishia Mtoto Shule ya Ujerumani



Kila mwaka matokeo ya ufadhili yanapotoka, simu yangu haipumziki. Kijana kapata nafasi ya kusomea uzamivu Ujerumani, ana mke na watoto wawili, naye huuliza lile lile: "Profesa, kule shule nzuri ni ipi?" Mimi humrudishia swali ambalo huwa linamuudhi kidogo: mkubwa ana miaka mingapi?

Ujerumani ina majimbo 16, na elimu ni mamlaka ya jimbo. Kwa hiyo hakuna "shule ya Kijerumani" moja ya kuisifu wala kuikosoa. Lakini karibu majimbo yote yana jambo moja ambalo mzazi wa Kitanzania halitarajii. Shule ya msingi ni miaka minne tu, isipokuwa Berlin na Brandenburg, ambako ni sita. Mtoto akiwa na miaka kumi hivi, njia zinagawanyika. Wapo wanaokwenda Gymnasium, inayoishia kwenye Abitur, cheti cha kuingilia chuo kikuu. Wapo wa Realschule, ya ngazi ya kati. Na wapo wa ile iliyokuwa ikiitwa Hauptschule, ambayo katika jimbo la Bavaria siku hizi huitwa Mittelschule, inayoelekea zaidi kwenye ufundi na kazi za mikono. Majimbo mengi yana pia shule zinazowaweka watoto wote pamoja, nitazirudia.

Bavaria ndilo jimbo kali kuliko mengi. Mwanzoni mwa Mei, mtoto wa darasa la nne hupewa cheti chenye wastani wa masomo matatu: Kijerumani, hisabati, na somo la mazingira na maisha ya nyumbani kwao. Wastani wa 2.33 unamfungulia mlango wa Gymnasium, 2.66 wa Realschule. Zingatieni kwamba kule 1 ndiyo alama ya juu na 6 ndiyo mkia. Sisi tulilijua hilo kwa aibu tulipokuwa tukiishi huko. Binti yangu alirudi na 5 ya imla, mama yake akaoka keki, tukiamini mtoto kapata tano kati ya sita. Mwenyewe aliila keki kimya kimya. Alikuwa anajua.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Mtoto anayefika akiwa na miaka sita anaanza darasa la kwanza na wenzake, amekumbatia ile pia kubwa ya karatasi iliyojaa peremende ambayo kila mtoto wa Kijerumani huibeba siku ya kwanza. Herufi hawazijui wote. Ana karibu miaka minne kabla ya ule mwezi wa Mei. Anayefika na miaka tisa ana mwaka mmoja, pengine na miezi kadhaa. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu wa Kanada, amekuwa akitufundisha tangu 1979 kutenganisha lugha ya uwanjani na lugha ya darasani. Ya kwanza mtoto mhamiaji huipata kwa takriban miaka miwili. Ya pili, ile ya kuelewa fumbo la hesabu na kuandika insha, humchukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzake. Toa mmoja kwenye mitano, mtaona deni lililobaki. Jirani anamsikia akibishana na wenzake kwa Kijerumani safi, anasema mtoto huyu kashaiva. Kumbe cheti kinapima kile ambacho bado kiko jikoni.

Ndiyo maana nasema tarehe iliyo kwenye tiketi ya ndege huchagua shule kabla mzazi hajachagua. Nafuu zipo, sikatai. Kanuni za Bavaria zinamlegezea mtoto ambaye Kijerumani si lugha yake ya kwanza na hakuanzia darasa la kwanza huko. Vichochoro vya baadaye vya kuifikia elimu ya juu vipo pia, na vinapitika. Lakini kichochoro kinataka muda, na familia ya uzamivu ina miaka mitatu, minne.

Ushauri wangu, basi. Mkikaa miaka miwili tu, mchukueni mtoto na msihangaike na aina ya shule. Atapata lugha na marafiki, hiyo ni faida tosha. Mkikaa minne au zaidi na mtoto ana miaka minane au tisa, tafuteni chuo kilichoko Berlin, au mji wenye shule ya pamoja, hata kama msimamizi wa utafiti mnayemtamani yuko Munich, Bavaria. Najua wanasayansi waliomo ukumbini watakunja uso. Na wale wanaopanga kumwacha mtoto kwa bibi ili "asiharibikiwe na masomo", mimi siafiki. Bibi analea vizuri, lakini miaka minne ya utoto hairudishwi kwa simu ya video.

Mengine niyapitie haraka. Bavaria shule ya msingi ya serikali hufuata anwani ya makazi, kwa hiyo anayepanga nyumba anapanga na shule. Ada hakuna. Darasa la kwanza mara nyingi hutoka saa sita mchana au kabla yake, na kule hakuna dada wa kazi; nafasi ya malezi ya mchana iombwe mapema mno. Kumsomesha mtoto nyumbani kwa intaneti kwa mtaala wetu, badala ya shule, sheria hairuhusu. Mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa malalamiko ya wazazi waliodai haki hiyo. Shule za kimataifa zinawafaa watoto wa wanadiplomasia wanaohama kila baada ya miaka michache, maana mtaala kama ule wa Baccalaureate ya Kimataifa, iliyoanzishwa Geneva 1968, unamfuata mtoto popote. Posho ya mwanafunzi haiwezi ada za shule hizo.

Kilichobaki ni kurudi, na hapa ndipo nilipoteleza mwenyewe. Nilijiandaa kwa Kijerumani cha mwanangu, nikasahau kwamba nyumbani sekondari inamsubiri kwa Kiingereza, na kwamba ngazi zenyewe husogea: toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeifanya shule ya msingi kuwa miaka sita badala ya saba. Kiswahili ndicho nilichokipuuza zaidi. Tulikizungumza mezani kila siku, nikadhani kimehifadhika. Kuzungumza kulihifadhika. Kuandika hakukufundishwa na yeyote, kwa sababu kwenye masanduku yetu nilijaza makala za utafiti wangu na hakikuingia hata kitabu kimoja cha darasa la pili.

Mwaka wetu wa tatu kule, binti alimwandikia bibi yake Tanga barua. Bibi, mwalimu mstaafu, alinipigia simu na kalamu nyekundu mkononi. Makosa mengine aliyavumilia. Lililomkera ni kwamba mtoto ameandika "schule" mara nne. Nikamweleza kwamba neno hilo lilitoka kwa Wajerumani wenyewe, wakati wa utawala wao huku, na mjukuu wake kalirudisha lilikotoka. Bibi akanyamaza kidogo. "Wao walilileta," akasema, "sisi tukalitahiri hiyo c. Niletee mtoto likizo."