Ujira Upatanwe Kabla ya Mzigo Kuinuliwa





Kila mwaka baada ya mavuno vijana wetu huaga Igalula kwenda machimboni Nzega, Kahama na Geita. Wengine hurudi na mabati ya kuezekea nyumba. Wengine hurudi mikono mitupu. Mmoja alinijia baada ya kufanya kazi miezi saba katika duara moja, asipate hata nauli. Nilipomwuliza walipatana nini, alijibu: "Padre, hatukupatana kitu. Tuliambiwa tusubiri mawe." Jibu hilo ndilo somo letu leo.

Kazi ya madini ina milango miwili. Wa kwanza ni migodi mikubwa, kama Geita na Bulyanhulu. Hapo huulizwa cheti: fundi wa mitambo au umeme awe na mafunzo kama ya VETA; fundi sanifu awe na stashahada; mhandisi awe na shahada. Mwajiriwa hupimwa afya na kutia sahihi mkataba. Mlango huu ni mwembamba, wala haudumu milele: mgodi wa Golden Pride wa Nzega, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, umekwisha kufungwa.

Mlango wa pili ni duara la mchimbaji mdogo. Hapo huulizwa nguvu tu. Malipo aghalabu ni mgawo wa mawe, baada ya mwenye leseni na mwenye duara kutwaa mafungu yao. Mawe yasipotoa dhahabu, jasho limepotea. Tena vumbi huharibu mapafu, zebaki hudhuru ubongo, na duara lisilotegemezwa kwa magogo huporomoka.

Hata hivyo sheria haikuwasahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mgodini mtoto aliye chini ya miaka 18. Amri ya Mshahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha shilingi 500,000 kwa mwezi kwa waajiri wenye leseni kubwa za uchimbaji, na shilingi 300,000 kwa wenye leseni ndogo. Viwango hivi hurekebishwa. Ulizeni ofisi ya kazi Tabora kabla kijana hajaondoka.

Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi: ujira sharti umwezeshe mfanyakazi kuishi kama binadamu. Nao wazee wetu, wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda pwani kwa njia ya misafara, walijulikana kwa kupatana ujira na posho kwanza, ndipo wainue mzigo. Je, wajukuu wao washuke shimoni bila neno?

Basi, kila Jumuiya Ndogo Ndogo imwulize kijana anayeaga: Umetimiza miaka 18? Leseni ni ya nani? Fungu lako ni lipi, na litalipwa lini? Ukiumia, nani atakutibu? Majibu yaandikwe daftarini, mbele ya mashahidi wawili. Asiyeweza kujibu asizuiwe kwa ukali, bali ashauriwe angoje mpaka ajue.