Kutu Inayofungiwa Karakanani: Ukarabati wa Rangi Iliyochubuka kwenye Bodi za Malori



Nimeombwa nianze na maana ya kutu. Kwa ufupi, chuma kikipata maji na hewa huungana na oksijeni kikageuka unga mwekundu, na chumvi huukimbiza mwendo huo. Rangi ya kiwandani ina matabaka kadhaa, lakini yote kwa pamoja hayafiki robo ya milimita, hivyo changarawe moja iliyorushwa na gari la mbele inatosha kufika kwenye bati. Mahali panapochubuka mnapafahamu: chini ya kioo cha mbele, kingo za madigadi, ngazi za kabini, chini ya milango. Malori yanayopanda kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, na kuvuka kuelekea Zambia na Kongo, hupigwa mawe njiani kisha hurudi kulala kwenye hewa ya bahari. Yanayobeba salfa ya migodini yana shida ya ziada, kwani salfa ikilowa huweza kuzaa asidi. Tela hizo zioshwe kila zikishusha. Haya sitayakalia.

Ninalotaka tulitazame ni malori yaliyokwisha kukarabatiwa. Sehemu kubwa ya kutu ninayoiona humo haikutoka barabarani. Ilifungiwa karakanani, chini ya rangi mpya.

Chukueni mlango wa kabini uliopakwa rangi kabla ya masika, ukarudi baada ya mvua na malengelenge upande wa chini. Ingiza ncha ya bisibisi, puti inabanduka vipande vizima. Geuza kipande kimoja: upande uliolalia bati ni wa kahawia, na mikwaruzo ya grinda imejichapa humo yote. Kwa hiyo puti ilishika vizuri. Ilichoshika ni kutu, na kutu ndiyo iliyoachia.

Sababu ya kwanza ni vishimo. Grinda hung'arisha sehemu zilizoinuka tu, na ndani ya vishimo hubaki madoa meusi ambayo mafundi wengi huyachukulia kuwa chuma. Ni kutu hai. Sababu ya pili, ambayo nimeipigania kwa miaka, ni ndoo. Puti ya poliesta hunyonya maji, lakini desturi yetu ni kuisugua kwa msasa wa maji ili vumbi lisiruke, kisha kuianika juani kidogo na kupuliza rangi jioni ile ile. Unyevu uliozama unafungiwa ndani. Na katika karakana nyingi za pwani maji ya ndoo hiyo yanatoka kisimani, nayo yana chumvi, onjeni mtaona. Tunaichukua chumvi, tunaisugua kwenye jeraha la bati, halafu tunaifunika kwa rangi ya gharama kubwa.

Sijaja kumlaumu fundi yeyote, wala chuo ninakofanya kazi hakina mamlaka ya kuihukumu karakana ya mtu. Lakini jambo hili nimeliandika kwenye ripoti, nimelisema vikaoni, na jibu ni lile lile: mteja anataka gari lake kesho. Mteja huyo huyo hulipa tena mwaka unaofuata, na safari hiyo bati limeshatoboka. Inauma kuona mali ya mtu ikiliwa hivyo wakati dawa yake tunaijua.

Napendekeza basi yafuatayo. Lori lioshwe kwa sabuni na maji baridi yasiyo na chumvi kabla msasa wowote haujaligusa, kwa sababu ukianza kusugua chumvi ikiwa juu unaizamisha. Kutu iondolewe mpaka bati ling'ae hata ndani ya vishimo. Pasipofikika patiwe asidi ya fosforiki na kusuuzwa vizuri, maana asidi iliyobaki huizuia praima kushika. Pakiwa pameliwa sana, bati likatwe na kiraka kichomelewe. Upande wa nyuma wa kiraka usisahauliwe, kwa kuwa moto wa kuchomelea huunguza rangi ya ndani. Pulizeni humo nta ya kuzuia kutu, na matundu ya kutolea maji chini ya mlango yazibuliwe tope.

Praima ya epoksi ipigwe siku ile ile bati lilipong'arishwa. Bati tupu likilala usiku mmoja pwani, asubuhi limeshabadilika rangi. Isipigwe alfajiri kukiwa na umande: bati liwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Puti ikae juu ya epoksi, si juu ya bati tupu, na narudia, isuguliwe kavu. Vumbi lina dawa yake, barakoa na feni. Msasa wa maji usubiri praima ya juu, na hapo pia maji yasiwe na chumvi.

Wamiliki nao wampe dereva kifurushi kidogo: msasa, kitambaa, thina na kopo dogo la praima. Kidonda kidogo kikisafishwa na kupakwa praima kituoni hakitafika kwangu na puti.

La mwisho naomba liingie kwenye maazimio ya leo. Praima isipulizwe kabla msimamizi wa karakana hajaliona bati tupu kwa macho yake na kutia saini kwenye kadi ya kazi. Mteja akitaka kuliona naye, aitwe.