Kinywaji cha kuongeza nguvu si soda ya mtoto
Hotuba ya Idara ya Afya ya kaunti kwa wenye maduka, wazazi na walimu katika baraza la wananchi



Maduka mengi ya mtaani sasa yana vinywaji vya kuongeza nguvu ndani ya friji, pamoja na soda. Mwanafunzi huvinunua akitoka shuleni, hasa majira ya mitihani, akitumaini kukesha na vitabu. Kwa macho ni soda tu. Tofauti iko kwenye maandishi madogo nyuma ya chupa.

Vingi vina takriban miligramu 30 za kafeini kwa kila mililita 100. Chupa ya nusu lita basi ina kama miligramu 150. Mwaka 2015, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema kwamba kwa mtoto, kiasi kisichotia wasiwasi ni miligramu 3 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 40 mwisho wake ni 120. Chupa moja tu imeshapita hapo, na sukari bado haijahesabiwa.

Mzazi atauliza: na chai je? Ni swali la haki. Chai ina kafeini pia, lakini kikombe cha chai ya maziwa hakifiki kiasi hicho, tena hunywewa polepole kikiwa moto. Chupa baridi na tamu huisha kwa dakika chache.

Mwili wa mtu mzima huchukua kama saa tano kuondoa nusu ya kafeini. Anayekunywa saa tatu usiku, saa nane usiku bado ana nusu yake mwilini. Mwanafunzi hupata saa mbili za kusoma, kisha hulala macho wazi, moyo ukimwenda mbio, na asubuhi anasinzia kwenye karatasi ya mtihani aliyokuwa akiiandalia.

Nchi nyingine zimechukua hatua. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, na Poland ikafuata Januari 1, 2024. Hapa Kenya, sheria ya pombe ya 2010 inamlinda mtoto dhidi ya pombe, lakini vinywaji hivi si pombe, kwa hivyo haviguswi na sheria hiyo. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula. Hata hivyo, sharti la umri ni lazima lipitie bunge la kaunti, na wananchi watoe maoni yao. Wenye maduka pia wasikizwe, maana wao ndio watakaopoteza mauzo.

Lakini hakuna haja ya kungoja sheria ili kumwambia mtoto hapana. Mwenye duka ahamishe chupa hizo kutoka karibu na peremende, aziweke rafu ya juu. Akija mtoto na sare, ampe maji au maziwa. Kazi ngumu ni yule anayesema, "Nimetumwa na baba." Mara nyingine ni kweli! Basi baba apigiwe simu, au aje mwenyewe. Wazazi nao waache kuwatuma watoto kununua vinywaji hivi. Mwenye duka hawezi kushindana na mzazi.

Kwa vijana wakubwa, wakiwemo wa bodaboda, onyo ni moja: wasivichanganye na pombe. Kafeini huficha ulevi bila kuupunguza, na mtu hupanda pikipiki akidhani yuko sawa.

Maafisa wa afya ya umma watabaki hapa baada ya baraza. Aliye na chupa aje nayo, maandishi yake yasomwe pamoja.