Bakuli la Uajemi na Fundisho Lake





Watu wengi waonapo bakuli jeupe lenye maua ya buluu husema mara moja kuwa ni chombo cha Kichina. Lakini katika karne ya 14 madini ya kobalti, yatoayo buluu ile, yalisafirishwa kutoka Uajemi hadi Uchina, na mafundi wa Jingdezhen wakayatumia kupamba kaure yao. Vyombo hivyo vikarudi na kupendwa sana. Hata mwaka 1611 Shah Abbas wa Kwanza alikuwa ameweka wakfu zaidi ya vyombo 1,000 vya Kichina katika kaburi la Sheikh Safi, mjini Ardabil.

Wafinyanzi wa Uajemi hawakuwa na udongo wa kaure, wala hawakukaa wakalalama. Walikuwa na elimu ya wazee wao. Abu al-Qasim wa Kashan aliiandika mwaka 700 wa Hijra, yaani 1301: mafungu kumi ya mawe meupe yaliyosagwa, fungu moja la kioo na fungu moja la udongo mweupe. Juu ya weupe huo wakachora majoka, mayungiyungi na mawingu ya Kichina, nao wakayapinda kwa mkono wao wenyewe.

Mwaka 1644 dola ya Ming ilipoanguka, vita vikaharibu biashara ya kaure. Wafanya biashara wa Kiholanzi wakageukia Uajemi, na kazi ya Kirman ikapata soko. Hapo ndipo penye mtihani. Chini ya vyombo vingi ziliandikwa alama mfano wa herufi za Kichina, zisizosomeka na Mchina wala Mwajemi.

Ndugu Waislamu, kuiga kazi njema si aibu. Mchina alichukua buluu, Mwajemi akachukua ua, na wote wawili wakaneemeka. Lakini kuazima jina la mwingine ili mnunuzi adhani sivyo ni jambo jingine.  Ukingo wa chombo cha Uajemi ukimeguka, punje za mawe huonekana. Alama ya chini haikuweza kuificha asili yake. Na kazi ile ilikuwa nzuri ya kutosha kubeba jina lake yenyewe.

Basi vijana wetu na wajifunze kwa kila mwenye elimu, kisha kazi zao waziuze kwa jina la kweli.