Waliotutangulia Pugu



Ndugu wapendwa, sisi tunaokuja kuhiji katika vilima hivi vya Pugu hufika na rozari mkononi na nia zetu moyoni, na mara nyingi twarudi nyumbani bila kuuliza ni akina nani waliotutangulia hapa. Leo Tume ya Haki na Amani yapenda tuulize.

Mwaka 1888 wamisionari Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, walifungua hapa misioni yao ya kwanza. Walilima, walifundisha, wakawapokea watu waliokombolewa utumwani. Tarehe 13 Januari 1889 misioni ilivamiwa. Bruda Benedikt Kantwerg, Bruda Petrus Michl na Sista Martha Wansing waliuawa. Wenzao walichukuliwa mateka, wakaachiliwa baadaye kwa fidia.

Masimulizi yetu huishia hapo. Lakini kwa nini waliuawa? Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliwakabidhi Wajerumani wa kampuni ya biashara utawala wa pwani. Mwezi Agosti wakashika forodha na kupandisha bendera bila kuwauliza wenyeji, na pwani ikaasi chini ya Bushiri bin Salim. Wapo waliopigania biashara ya watumwa, wapo waliopigania nchi yao, na pengine walikuwa watu wale wale. Machoni pao, Mzungu wa msalaba na Mzungu wa bendera walikuwa ndugu. Tusiwacheke kwa kutowatenganisha, sisi tungewatenganisha? Mwisho wa Januari ile ile Bunge la Berlin liliidhinisha maki milioni 2 za kuizima pwani, na utumwa ukatajwa kuwa sababu. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Waafrika waliokufa katika vita hivyo hatuwataji kwa majina katika ibada yoyote.

Je, hayo yampunguzia heshima Sista Martha? Twasema hapana. Alikuja kuhudumia, akauawa akiwa katika huduma yake. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, wala si kazi yetu kumtangaza. Lakini tukisimulia kifo chake kana kwamba ni kosa la dini ya jirani, twamfanya silaha dhidi ya watu tunaopanda nao daladala moja kila asubuhi. Hilo hakulifia.

Yuko mwingine wa Pugu ambaye twamjua zaidi, na kwa hiyo ni vigumu zaidi kumsema. Mwalimu Julius Nyerere alirejea kutoka Edinburgh mwaka 1952, akafundisha hapa katika shule ya Mtakatifu Fransisko. Julai 1954 TANU ilizaliwa. Ikambidi achague kati ya ualimu na siasa, na Machi 1955 akaacha kazi yenye mshahara wa uhakika, akiwa na mke na familia changa. Tangu mwaka 2005 Kanisa lamwita Mtumishi wa Mungu, na jimbo la Musoma ndilo lililoanzisha mchakato wake.

Twafurahi. Hata hivyo uchunguzi wa utakatifu si mkusanyo wa sifa. Sheria za Kanisa zadai ushahidi wa yanayompendeza mtu na ya yasiyompendeza. Serikali ya Mwalimu ilitaifisha shule za misioni, na hii aliyofundisha mwenyewe ikiwamo. (Wapo mapadre waliolia, wapo watoto wasio Wakristo waliopata nafasi ya kusoma. Yote mawili ni kweli.) Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, na wengi hawakuhama kwa hiari, zipo nyumba zilizochomwa moto ili wenyewe wasirudi. Wapo pia waliowekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Ni Mwalimu yule yule aliyeng'atuka kwa hiari mwaka 1985 na kurudi Butiama kulima, bila kujilimbikizia mali. Mzee aliyechomewa nyumba na bado anamwombea Mwalimu atangazwe mtakatifu ni shahidi bora kuliko sisi tunaopiga makofi tu.

Kwa hiyo twaomba jambo moja. Baada ya Misa tutabaki hapa kivulini na daftari. Wazee wetu mliohamishwa wakati ule, na ninyi mliosomeshwa kwa sababu ya siasa ile, njoni mkae nasi. Msichague maneno ya kutupendeza. Anayetaka jina lake lisiandikwe, halitaandikwa.