Mtoto Aliye Dunguni

Hotuba ya Kamati ya Elimu katika Mkutano wa Kuadhimisha Miaka Kumi ya Chama chetu, Chuno, Mtwara



Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kuhesabu magunia ya korosho na maghala. Sisi twaomba ruhusa kuhesabu watoto.

Mwajua nyote ya kuwa tangu mwaka 2000 pwani yetu, kuanzia Ghuba ya Mnazi mpaka mlango wa Mto Ruvuma, imewekwa kuwa Hifadhi ya Bahari, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1994. Eneo lake lapata kilometa za mraba 650, na vijiji vimo ndani yake. Humo mna matumbawe, mikoko na kasa, na huko mtoni wamo viboko na mamba. Wageni huja kuitazama hifadhi. Watoto wetu huzaliwa humo.

Kwa sababu hiyo Kamati yetu ilianza kazi kwa matumaini makubwa. Tulikwenda katika shule za pwani na picha zetu, tukawaeleza watoto jinsi kasa jike apandavyo ufukweni usiku, akachimba shimo, akataga mayai yapatayo 100, akayafukia na kurudi baharini. Na ya kuwa mayai hayo huanguliwa baada ya siku 50 hadi 60, na kitoto hukaa miaka 20 na zaidi kabla ya kuja kutaga. Watoto walifurahi sana. Hapakuwa na ubishi wo wote, maana kasa hamfuati mtu shambani kwake.

Mambo yaligeuka tulipopanda bondeni. Tulisimama mbele ya darasa tukasifu kazi ya kiboko: jinsi anavyokula nyasi nchi kavu na kurudisha samadi majini, na samaki wakapata chakula. Mtoto mmoja wa darasa la tano, aliyekuwa akisinzia tangu tulipoingia, akanyosha mkono. Akauliza, "Wazee wangu, shikamooni. Leo usiku nani atakwenda dunguni?" Wenzake hawakucheka. Mwalimu wao akatuonyesha madawati yaliyo matupu, akasema ya kuwa ndivyo yalivyo kila mwaka tangu mpunga uchanuapo mpaka uvunwe. Tulirudi Chuno kimya. Tulikuwa tumemsifia mtoto mnyama aliyemnyima usingizi, wala hatukuwa tumeuliza habari zake kwanza.

Tangu siku ile tumeuliza. Mchana mtoto huamia ndege na kufukuza ngedere. Usiku hukaa dunguni na baba yake, akipiga debe kila asikiapo maji yakivuma. Kiboko mmoja mzima aweza kula kilo 40 za majani kwa usiku mmoja, na atakachokikanyaga huzidi atakachokila. Baba huyo si mkatili, wala hadharau shule. Ana macho mawili tu, na mpunga ule ndio chakula cha nyumba yake. Asubuhi mtoto yule yule, au dada yake, huteka maji mtoni penye mamba.

Wako wasemao wanyama hawa waondolewe wote, na neno lao halina msaada, kwa sheria na kwa akili pia. Wako wengine wasemao elimu itatosha. Nasi tulikuwa miongoni mwa hao. Serikali nayo imeweka tangu mwaka 2011 kanuni za kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa. Lakini kifuta jasho si bei ya mpunga, na jina lenyewe lakiri hivyo.

Basi twaomba Chama kitoe fedha, katika makato ya elimu, za kuwalipa walinzi watu wazima katika miezi ya mpunga, ili watoto walale. Twaomba pia miti na nguvu za vijana kujenga boma ndani ya maji mahali pa kutekea, mamba asiweze kupenya. Kiboko ni mzito wala haruki. Handaki au boma fupi la magogo, likitunzwa, humzuia mara nyingi. Wenzetu wa Tunduru na Liwale wenye tabu ya tembo wao wanahitaji dawa nyingine, na kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu zimewasaidia wengi katika nchi hii.

Hapo ndipo masomo yatakapofaa. Tangu mwaka 1980 viko vyama vya wanafunzi viitwavyo Malihai, na mfano wake ni mwema. Wetu twataka wajifunze kupima shamba kwa hatua na kulihesabu kwa eka, kutambua nyayo, kuandika tarehe ya uharibifu na kumsomea baba barua ya madai. Tumeona madai mengi yakipotea kwa kukosa tarehe tu.

Twajua mtu wa Mikindani atauliza kwa nini akatwe fedha, naye kiboko alichopata kukijua ni kile cha mwalimu. Tungemjibu ya kuwa samaki na kamba wengi wanaofika sokoni kwake hukulia katika mikoko ya mlango wa Ruvuma, wanakoishi watoto hawa. Tena vyama vya ushirika vya ulimwengu, vilipokutana Manchester mwaka 1995, viliandika kuijali jamii kuwa msingi wa saba wa ushirika, nasi tumeubandika ukutani mwa ofisi yetu.

Mvua za mwisho wa mwaka zikinyesha mpunga utapandwa, na mkutano wetu ujao utakuta umekwisha kuvunwa. Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba azimio hili lipigiwe kura leo, kabla ya chakula.